Mshono wa Lovina

Baridi ya Massachusetts haina adabu:
huingia bila hodi, hukaa kitandani.
Tulikuwa wanne, tukilala mzungu wa nne,
visigino vya Dorkasi shingoni mwangu,
Mehitabel ukingoni,
kwa kuwa mkubwa ndiye ukuta.

Vita vilikuwa kusini, mbali,
katika magazeti yaliyotufikia
yakiwa yamefungiwa samaki.
Kwetu vita vilikuja kwa magunia:
ngozi zilizokatwa, pande kwa pande,
viatu vya askari, jozi sitini kwa juma,
sisi tushone juu,
soli waweke wanaume,
yaani wazee, na yule kiwete wa kinuni.

Mehitabel alishona kama anayelipa deni.
Mimi nilishona kama anayekimbia mvua.
Dorkasi alipaka uzi nta na kusimulia uongo.
Ila Lovina!
Mshono wake ulikuwa siafu wakihama,
kumi na nne kwa inchi, nimehesabu,
na mwishoni alirudisha uzi nyuma mara tatu,
akaacha fundo dogo lisiloombwa na mtu.
"La nini?"
"Ajue anayevaa kwamba kuna mtu."

Dorkasi, shetani wetu mdogo,
alichomeka kikaratasi kwenye ncha ya kiatu kimoja:
*Kimeshonwa na Lovina. Miaka kumi na tisa.
Sura si mbaya.*

Aprili ikaja barua.
Ansel, mwana wa mkulima wa viazi huko Maine:
*Viatu vinanibana kidogo, lakini sitaki vingine.*
Dorkasi alichapwa. Barua ilijibiwa.
Zikaja saba kwa jumla,
zikiwa na matope, hesabu za viazi,
na swali moja alilolirudia kwa aibu,
ambalo Lovina hakutusomea.

Kisha kimya.
Julai kimya, Agosti kimya.
Mehitabel akasema, wanaume ndivyo walivyo,
ingawa yeye hakuwahi kumjua hata mmoja.
Lovina akazitia barua kwenye kopo la chumvi
na tangu siku ile akashona kumi na sita kwa inchi.

Oktoba mkandarasi alileta gunia jingine.
Viatu vikuukuu safari hii, vya kutia soli upya:
serikali haitupi ngozi ambayo bado inafaa.
Nililifungua peke yangu, uani, mikono imekufa ganzi.
Kiatu cha tatu, cha kushoto.
Kumi na nne kwa inchi.
Nikapapasa fundo kabla ya kuliona.
Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na tundu,
dogo, kidole changu kiliingia.
Na ndani, kwenye ncha,
karatasi iliyokauka kama jani,
*sura si mbaya.*

Mtu angeita. Mtu mwema angeita.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne
na nilikuwa nimekwisha kumsikia akilia mara moja.
Nikakitia jikoni, kwenye moto.
Ngozi ikiungua haina siri;
Mehitabel alikuja mlangoni, akanusa,
akanitazama mimi, akalitazama gunia,
akaenda kufungua madirisha yote,
katika baridi ile.

Jozi zikapungua moja. Tukakatwa senti.

Lovina aliolewa akiwa na thelathini na moja,
na fundi saa, mpole, mwenye masikio makubwa.
Alimchukia Ansel kidogo maisha yake yote,
na nimeona kwa macho yangu
jinsi chuki ndogo inavyomweka mtu wima.

Juzi, macho yamekwisha, akanipa sindano nimtungie uzi.
"Tamsin, yule wa viazi, unadhani alioa?"
"Alioa," nikasema. "Ana watoto saba."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Maskini mkewe! Yule alikoroma hata kwenye barua."

Nikachukua kitambaa chake, nikamalizia pindo.
Nikarudisha uzi nyuma mara moja.
Mara mbili.
Mara tatu.